Mpigo Usio na Jina

Mpigo wa kwanza tuliupa jina siku niliyomng'ata mtu. Alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, kaninyakulia simu pale kwenye taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huku kusini mwa bara, barabara kuu ya Yeoville, mchana kweupe, nami mikono yote miwili imebeba mapazia ya watu. Sikuwa na cha kumpigia. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata bega, nikashikilia hadi meno yakapita koti yakafika kwenye nyama. Simu aliitupa mwenyewe. Niliporudi dukani nikitema nyuzi za koti lake, mume wangu alikuwa anajaribu gitaa: gumba linashuka kwenye uzi mnene, kisha vidole vinakwaruza nyuzi nyembamba mara mbili kwa ghafla. Dum, cha-cha. Nikamwambia, "Huo uite Meno." Alicheka mpaka akashika meza. Basi ukawa Meno, na hadi leo watu wetu wanaopiga kantri mtaani hapa ukiwaambia watie Meno wanajua mkono ufanye nini.

Nieleze kidogo kwa asiyeshika gitaa. Katika kantri na blugras, ndugu yake wa kasi, mkono wa kushoto unaminya nyuzi tu, kazi iko kulia. Ukishuka na gumba, ukapanda na kidole, ukaacha pengo hapa na kuharakisha pale, huo ni mpigo mmoja. Ukigeuza kidogo unapata mwingine, na wimbo uleule wa maziko unakuwa wa harusi. Nyimbo zenyewe zimejaa maiti. Mtu anamzamisha mchumba wake mtoni, anangoja kitanzi, na gitaa linachekelea nyuma yake. Baba yangu kule Molo alizisikiliza kwenye redio kila Jumapili akichagua viazi vya mbegu, haelewi neno hata moja, na machozi yanamtoka. Mimi nililelewa humo, kwa hiyo mtu asinishangae.

Tulikuwa watatu. Mimi ni fundi wa nguo. Mume wangu ni Mrundi wa Bujumbura, na kazi yake ilikuwa kulinda magari ya wanaokuja sokoni Newtown. Wa tatu alikuwa msusi, mwanamke wa Bukavu tuliyepanga naye duka moja, yeye na vichwa vyake upande wa dirisha, mimi na cherehani yangu upande wa ukuta. Gitaa tulipokezana mimi na mume wangu; msusi hakulijua. Aliimba, na alipiga ndoo ya plastiki iliyogeuzwa chini juu. Jumapili mchana, baada ya makanisa kutoka, tulifungua duka tukapiga, na watu wakaja, Wakenya, Wakongo, Watanzania, wengine wamesimama mpaka nje kwenye lami.

Mume wangu alijifunza blugras kwa video za simu. Mwalimu wa kwenye video alihesabu: moja na mbili na. Mimi nikisikia hesabu katikati ya muziki natamani kupasua kitu. Isitoshe, katikati ya kelele za ndoo na makofi huwezi kumwambia mwenzako abadilishe mpigo kwa kumhesabia. Unahitaji neno moja fupi la kumtupia. Ndiyo maana tukaweka sheria zetu. Jina litoke kwenye jambo lililompata mmoja wetu mjini hapa, jambo ambalo mwili haujalisahau. Na atakayelitoa ni yule aliyeubuni mpigo, ila kwanza aupige mbele za watu wimbo mzima bila kujikwaa. Kabla ya hapo mpigo ni mtoto ambaye hajapewa jina.

Shata tuliupata kwa msusi. Kuna vijana walikuja kutuibia wakati umeme umekatwa, na mmoja akaingiza mkono chini ya shata, ule mlango wa bati wa kushusha, kabla haijafika chini. Msusi hakungoja autoe. Alining'inia kwenye ile shata kwa uzito wake wote. Ule mporomoko wa bati, kisha ule mlio mwingine mwishoni ambao haukuwa wa bati, ndio mpigo wenyewe: vidole vinateremka nyuzi zote sita, halafu gumba moja zito. Mbwa ni wa miguu yangu. Nilikuwa nikipanda mtaa wa Observatory kupeleka mapazia, na mbwa wa kule wanapokezana, huyu akinyamaza kwenye geti lake wa jirani anadaka, hupati hata nafasi ya kumeza mate. Siku moja geti moja lilikuwa wazi. Nina kovu kwenye shavu la mguu, na yule mbwa, kama bado yuko hai, ana la fimbo ya pazia kwenye pua. Matofali ni wa madereva wawili wa teksi waliogombea foleni mbele ya duka letu. Mmoja alirusha tofali kwenye kioo cha mwenzake, pakawa kimya, kisha yakarudi mawili. Moja, kimya, mbili. Mpigo huo unafaa sana nyimbo za mapenzi.

Meno ulitangulia sheria, mingine niliibuni mimi, kwa hiyo majina yote hayo niliyatoa mimi. Mume wangu hakuwa ametoa hata moja. Alitoka kwao wakati wa risasi, na hakupenda kuzikumbuka.

"Wewe unatia damu kwenye kila kitu," aliniambia.

"Damu nimeikuta hapa," nikamjibu. "Sikuja nayo kutoka Molo."

Lakini alikuwa na mpigo wake mmoja. Aliufanyia kazi muda mrefu, jioni kwa jioni, na haukukubali. Gumba mara mbili, nzito. Kimya kidogo. Kisha mikwaruzo mitatu ya haraka kwa kucha, wa mwisho mkali kama wa kukata uzi. Polepole ulitoka vizuri. Akiongeza kasi, pale kwenye kimya alijikwaa, akaanza upya. Nilimwambia mpigo ule hauna adabu. Alicheka kupita kiasi, mpaka nikakasirika.

"Jina lake je?"

"Lipo. Utalisikia siku nitakayoupiga mzima."

Kucha zake za kweli zilikuwa laini, zikivunjika kwenye nyuzi. Msusi akambandikia za bandia, zile anazowabandika wanawake, kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia, akazikata fupi kidogo na kuzipiga msasa, bila rangi. Wenzake wa Newtown walimtania, wakimwita bibi harusi. Yeye hakujali. Alisema sasa nyuzi zinamsikia.

Niseme pia habari ya mlango wetu. Tulipanga chumba kwenye ghorofa ya pili ya jengo ambalo hakuna anayefungua kwa sababu ya hodi. Kila mlango una geti la chuma kwa mbele na makomeo mawili kwa ndani. Mume wangu alizoea kutangulia kufika. Mimi nikija nimechoka, nagonga kwa ngumi, maana hodi ya vidole nani ataisikia na redio zile zote. Kila siku ya Mungu, kabla ya kugusa komeo, aliuliza kutoka ndani, "Ni wewe?" Na mimi kila siku nilimjibu, "Kwani unangoja nani?" Ndipo anafungua. Iliniudhi. Mtu unajua ni mkeo, unauliza nini?

Siku walipokuja kutufukuza wageni ilikuwa saa za mchana, katikati ya juma. Habari ilitangulia kwenye simu za Wakongo, kama kawaida. Msusi alikuwa na mteja mmoja kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado imetimka. Alisoma simu yake, akaweka kitana chini.

"Yaya, banakuja," akaniambia; yaya kwao ni dada. "Funga mulango."

Tukateremsha shata. Dakika chache tu na harufu ya mpira unaoungua ikapenya chini yake. Kisha nyimbo, kisha miguu, kisha marungu kwenye bati. Walikuwa wakipita duka kwa duka, jengo kwa jengo, wakitafuta makwerekwere, ndivyo wanavyotuita sisi wageni. Bati letu liliingia ndani kwa mabonde. Yule mteja alikuwa chini ya meza yangu akisali, brashi ya nywele mkononi.

Nilimpigia mume wangu. Siku ile hakuwa kazini, alikuwa nyumbani na gitaa lake.

"Usimfungulie mtu," nikamwambia. "Hata akija malaika, usifungue."

"Na wewe usitoke."

"Nakuja huko sasa hivi. Nipe dakika chache, nakuja."

"Usitoke, nakuambia."

Rungu lingine likatua kwenye bati mbele ya uso wangu, simu ikaniponyoka, kioo kikafa pale pale. Nikataka kupandisha shata. Msusi akachomoa ufunguo akautia kifuani mwake. Nilimpiga kofi. Alinirudishia. Tuliviringishana kwenye nywele za watu sakafuni, mimi nikitafuta ufunguo kifuani mwake, yeye akinikalia juu na kuniziba mdomo kwa kiganja. Ana uzito yule dada. Alinikalia mpaka kelele zikahama mtaa.

Aliponiachia nilikimbia. Sikuona vioo, sikuona moto, nilipanda ngazi nikakuta mlango wetu uko wazi. Sio umevunjwa. Wazi. Makomeo yote mawili yalikuwa mazima, yamevutwa kutoka ndani kwa mkono wa mtu.

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti, na gogo, ndivyo wanavyowaita bibi hapa, wa mlango wa pili, Mzulu ambaye kwa miaka yote hajawahi kunisalimu, alikuwa amemshika kichwa. Ndiye aliyewafukuza, kwa sufuria ya maji yaliyochemka na matusi ambayo nusu yake siyajui. Ndiye aliyenisimulia. Walimpiga kwanza kama wanavyompiga yeyote. Kisha mmoja akaona zile kucha. Kucha za mwanamke, kwenye mkono mmoja tu, vidole vitatu tu. Akapiga kelele kwamba huyu ni mchawi. Wakauweka ule mkono kwenye fremu ya geti, wakafunga geti. Wakafungua, wakafunga tena. Kucha moja nikaikuta ukutani, imeganda.

Hospitalini walimkata kidole cha shahada na cha kati. Gumba walilipachika vyuma, likabaki, lakini halikunji. Mtu mmoja aliniambia tumshukuru Mungu kwamba yuko hai. Nilisema ndiyo, tunashukuru, na nilitaka kumpiga aliyesema.

Halafu nikaanza kuuliza. Nilimwuliza kabla dawa ya usingizi haijamtoka. Nilimwuliza nikimlisha uji, nikimfunga vifungo vya shati, nikimwosha mgongo. "Kwa nini ulifungua?" Alitazama pembeni. "Nilikuambia hata malaika. Kwa nini ulifungua?" Mtu aliyekuwa akimhoji mkewe mwenyewe mlangoni kila jioni, siku wanayokuja wauaji anawavutia komeo. Ilinichoma kiasi kwamba nilianza kumchukia. Nasema wazi. Nilimchukia kwa mkono ule, kwa gitaa lililokaa ukutani, kwa ule mpigo ambao sasa ungekufa bila jina.

Jambo moja tu alinipa, na hakujua ananipa nini. Alisema alipokuwa chini sakafuni hakuona nyuso, aliona suruali tu. Moja ilikuwa nyeusi, na pindo lake limeshonwa kwa uzi wa kahawia, mishono miwili.

Uzi ule niliutia mimi. Uzi mweusi ulikuwa umeniishia, na mwenye suruali, kijana anayeziba pancha za magari pale kona, alilalamika siku nzima kwamba nimemharibia.

Asubuhi yake nilichukua rula yangu ya mbao, ya mita moja, ile yenye shaba kwenye ncha, nikaenda kona. Nilimkuta ameinama juu ya tairi, na suruali kaivaa ileile. Hata haya hana. Nilimwambia asimame. Alisimama, akaniita mama, akauliza kama nina pancha. Nilimpiga na rula usoni. Nikampiga tena, na ya tatu ikakatika, nikaendelea na kipande kilichobaki. Alinipiga ngumi moja ya mdomo, jino langu la mbele nikalimeza. Ngumi hiyo haikunisaidia kutulia. Nilimsukuma akaangukia matairi yake, akaweka kiganja chini ajiinue, nami nikakikanyaga kiganja kwa kisigino. Pembeni kulikuwa na chuma chake cha kung'olea matairi. Nilikishusha mara moja. Kidole chake kidogo kilielekea pasipo pake.

Wanawake wanaouza mboga walinikamata kiuno na nywele wakanitoa. Mmoja wao, mwenyeji kabisa wa hapa, aliniambia kwa upole, "Inatosha sasa, sisi, inatosha." Sisi kwao ni dada. Kijana alikuwa akilia kama mtoto. Hakwenda kunishitaki, wala mimi sikwenda kumshitaki. Kidole kile sikijutii, na mtu asingoje nijute.

Nilirudi nyumbani damu kidevuni, nimejawa na furaha mbaya. Nilimsimulia mume wangu nikidhani atanishukuru.

"Umevunja mkono wa mtu?"

"Kidole. Kimoja. Wewe huna viwili."

Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikimbia watu kama wewe."

Nimepigwa na mengi mjini hapa, lakini hilo ndilo lililoniingia. Tangu hapo tulilala migongo imetazamana. Nilishona, nilipika, nilimkatia nyama vipande vidogo, na hatukuongea zaidi ya chumvi na maji. Msusi aliona, akanyamaza, jambo ambalo kwake si dogo. Jumapili duka lilibaki limefungwa. Watu walipita, wakatazama lile bati lenye mabonde, wakaendelea.

Baridi ilipokolea, mchana mmoja, akaja dukani mwenyewe. Alikuwa amebeba gitaa kwa mkono wa kushoto. Alinikalisha kwenye stuli ya wateja, akaniwekea gitaa mapajani, akasimama nyuma yangu.

"Utaupiga wewe," akasema.

"Upi?"

"Usio na adabu."

Akaanza kunipigia mgongoni kwa kiganja cha kushoto. Mbili nzito. Kimya. Tatu za haraka, ya mwisho kali. Mimi ni mtu niliyekulia kantri, mipigo naiokota hewani, lakini ule ulinishinda. Kila mara nilifika kwenye kimya nikaruka mapema, au nikachelewa. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Kiganja chake kiliuma mgongoni na sikumwambia apunguze, kwa sababu tangu ile siku ya pancha hakuwa amenigusa.

"Unakimbilia," akasema. "Pale katikati ngoja."

"Nangoja nini?"

"Pale mtu anavuta pumzi. Amekasirika, amegonga mara mbili, hakuna jibu. Anavuta pumzi."

"Nani amekasirika?"

"Piga."

Msusi, kichwa cha mteja mikononi, alitoa hukumu bila kuulizwa: mpigo ukipigwa na mke, jina bado ni la mume, sheria ni sheria. Nami nikakubali. Nilipiga mpaka vidole vyangu vya kulia vikatoa malengelenge, yakapasuka, nikapiga juu ya mapasuko. Nilitaka ule mpigo uishi. Na nilitaka aniangalie tena kama zamani, hilo zaidi.

Jumapili tuliyofungua tena, watu walijaa kuliko kawaida. Tuliweka wimbo wa mtu aliyemuua rafiki yake kwa kisu na kukimbilia milimani, maana ndio uliokwenda vizuri na mpigo huo. Msusi aliimba. Mume wangu alikaa mbele yangu, mkono wake mapajani umefunikwa na skafu. Niliingia nikihesabu. Kwenye ubeti wa pili nikaacha kuhesabu. Kwenye wa tatu ule ukimya ukaanza kuja wenyewe, nikawa nautamani, na ile mikwaruzo mitatu ikatoka kwa hasira yangu yote: kwa geti, kwa kucha ile ukutani, kwa maneno aliyoniambia. Nilifika mwisho bila kujikwaa. Ndoo ikanyamaza.

"Jina," msusi akasema. "Toa jina, shemeji."

Mume wangu akajikohoza. "Unaitwa Kwani Unangoja Nani."

Watu walicheka. Mmoja akasema jina ni refu, wimbo utaisha kabla hujamaliza kulitaja. Msusi alicheka mpaka akaiangukia ndoo.

Mimi sikucheka. Nililaza gitaa chini, nikaenda kwenye shata, nikakunja ngumi, nikagonga lile bati kama ninavyogonga nyumbani. Sikupanga. Niliuacha mkono ufanye unavyofanya kila jioni. Mbili nzito. Nikavuta pumzi. Tatu za haraka, ya mwisho kali. Wiki zile zote nilikuwa nimeshindwa kujifunza hodi yangu mwenyewe.

Kicheko kilikatika kidogo kidogo. Niligeuka nikamtazama mume wangu, naye akainamisha macho kwenye ile skafu.

"Siku ile," nikasema.

"Walikuwa wanagonga milango yote," akasema. "Mmoja akagonga hivyo. Kabisa hivyo. Na wewe ulikuwa umesema unakuja."

"Hukuuliza ni nani."

"Nilidhani wako nyuma yako kwenye ngazi, wanakukimbiza. Ningeuliza saa ngapi?"

Hapo mbele za watu wote nilikaa kwenye sakafu ya duka, kwenye nywele zilizokatwa, nikalia kwa sauti ambayo hata siku ya msiba wa baba sikuitoa. Msusi aliwatoa watu nje. Mume wangu alikuja akakaa pembeni yangu, akaniwekea kiganja cha kushoto mgongoni. Hakupiga chochote, alikiweka tu.

Mpigo ule sasa unapigwa na wengine, hadi huko Newtown nimeusikia, na wameufupisha jina, wanauita Kwani. Bado tunaishi chumba kilekile. Nikifika jioni nagonga vilevile, sijui kugonga kwingine. Yeye anauliza kutoka ndani, "Ni wewe?"

Najibu, "Ni mimi."

Kisha nangoja, maana komeo la juu linamchukua muda kwa mkono wa kushoto.